Nyumba Isiyohesabiwa

Lango la maji lilimfungia Namkunda tena asubuhi ile, na safari hii hakulia. Aliliangalia bamba la chuma likishuka taratibu, likayakata maji yaliyokuwa yameanza kulowesha kichwa cha shamba lake, yakageuka yakaenda zake kwa jirani. Alibeba jembe begani akapanda mlima moja kwa moja hadi ofisi ya kanuni. Njiani hakumsalimu mtu. Huku kwetu Upare ukimwona mtu anapita bila kusalimu, jua amefiwa au anakwenda kugombana, na Namkunda alikuwa na yote mawili.

Ofisi ile ilikuwa ya Nakijwa, mwandishi wa kanuni wa kijiji cha Mbweleka. Kazi yake ilikuwa kuzifundisha mashine. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na kiburi cha kimyakimya, yule wa mtu anayejua kwamba mlima mzima unakunywa maji kwa maneno yake. Alikuwa ndiyo kwanza anamenya ndizi za chai pale mlango uliposukumwa bila hodi.

Namkunda alisema yote akiwa amesimama. Mumewe Elinami alizikwa kabla ya masika, na sasa masika yamepita, kiangazi kimeingia, kaburi limeota nyasi, na waliokuja kulala matanga wamesharudi kwao na kusahau. Mashine tu ndizo hazijasahau. Lango linamnyima maji. Ghala limemnyima mahindi. Juzi mwanawe aliwaka homa, akambeba hadi zahanati, na mashine ya pale ikampa pole ya msiba, ikamwambia arudi tanga likishaanuliwa. Ilibidi ambebe mtoto mgongoni mpaka hospitali ya bondeni.

"Ulisimama mbele yetu ukasema hii ni kanuni ya huruma," alimwambia Nakijwa. "Basi chukua huruma yako uipike, ule. Mimi sina cha kupika."

Kisha akatoka. Nakijwa alibaki na kisu mkononi.

Na kinachouma ni kwamba kanuni ile ilikuwa ya huruma kweli. Kwa mila, aliyefiwa hashiki jembe. Zamu yake ya maji humwendea jirani, na siku tanga linapoanuliwa jirani humrudishia kwa moyo mmoja. Mashine hazikulijua hilo. Zilikuwa zikiona shamba limeachwa, zinaandika kwamba mwenye shamba ni mvivu, zinampunguzia maji ya msimu unaofuata. Watu walifiwa, halafu wakaadhibiwa kwa kufiwa. Nakijwa ndiye aliyekaa akaandika: ikiwa nyumba ina msiba, basi isihesabiwe kwenye mgao mpaka mkuu wa ukoo aanue tanga. Fupi, safi. Aliipenda kanuni ile.

Mashine za Mbweleka, sasa, ni hadithi ya peke yake. Hapo zamani ilikuwepo moja kubwa, iliyokaa mjini na kuamrisha kila kitu huku mlimani, na siku ilipozimika malango yote yalibaki yamefungwa hadi ng'ombe wakafa wamesimama. Watu wakaapa kwamba haitatokea tena mashine moja kuitawala nyingine. Kwa hiyo lango la maji lilikuja na wafadhili hawa, zahanati ikapewa mashine na wafadhili wale, ya ghala iliungwa kwa vyuma chakavu na vijana wa chuo cha ufundi, na ya geti la barabara ilinunuliwa mtumba kutoka mgodini. Kila moja na kichwa chake na lugha yake. Ukiwa na kanuni unaiambia moja. Inaitafsiri kwa maneno yake, inaipima na yale inayoyajua, na ikiikubali inakuwa mali yake, kisha inazifundisha nyingine pamoja na jina la aliyesema. Hakuna wa kuziamuru. Zilikuwa kama wake wenza waliojengewa nyumba mbalimbali: watapeana chumvi, lakini hakuna atakayefunua chungu cha mwenzake.

Basi lango liliipokea kanuni ya msiba, na kwa kuwa lenyewe lina maji, likazuia maji. Likalifundisha ghala, lenye mahindi, nalo likazuia mahindi. Ghala likaifundisha zahanati. Nakijwa aliyaona hayo tangu mwanzo na hakushtuka. Msiba ni siku chache, alijiambia, na nani amewahi kuona mfiwa wa Upare amelala njaa wakati majirani wana vyungu? Tanga litaanuliwa, nyumba itahesabiwa, yataisha.

Hakuwa amewaza kwamba kuna mkuu wa ukoo atakayekataa kuanua tanga kwa makusudi.

Mzee Kiangi, mkuu wa ukoo wa Elinami, alikuwa ndiyo kwanza karudi kutoka zahanati kuchomwa sindano yake ya sukari, ile ambayo bila hiyo hamalizi siku mbili. Nakijwa alimkuta barazani kwake, amejifunika blanketi japo jua limeshapanda. Alimwamkia, akaitikiwa marahaba ya nusu mdomo. Alieleza shida ya Namkunda tangu mwanzo, kwa adabu zote anazostahili baba mkubwa wa marehemu. Kiangi alimwacha amalize.

Naye hakuficha kitu, hilo tumpe. Alisema shamba la Elinami lina chemchemi, japo kiangazi hukauka, na chemchemi ni ya ukoo. Mjane achague moja: arithiwe na Sengondo, mwanawe Kiangi, au aache shamba arudi kwao. Akichagua, tanga litaanuliwa siku hiyohiyo, kabla chai haijapoa. Namkunda alikuwa amemjibu kwamba hataolewa na mwanamume anayeomba ruhusa ya kukohoa. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na Kiangi hakusamehe.

"Kanuni haikuwekwa kwa ajili hiyo, baba mkubwa," Nakijwa alisema.

"Mashine zinaniuliza mimi," Kiangi akamjibu. "Nani alizifundisha ziniulize mimi? Si wewe? Basi nenda kazifundishe zisiniulize."

Na alijua haiwezekani, mshenzi yule. Nakijwa alirudi ofisini akajaribu. Aliandika kwamba tanga lolote likipitiliza msimu mmoja lihesabike limeanuliwa. Lango likakataa: juu ya misiba, anayesema ni mkuu wa ukoo peke yake. Akajaribu kwa ghala, likakataa. Zahanati ikakataa kwa upole. Aliuliza ni nani aliyesema kwamba mkuu wa ukoo peke yake ndiye asikilizwe, na zote zikamtajia jina lake mwenyewe.

Hapo ndipo hasira ilipompanda. Tuseme ukweli, haikuwa huruma kwa Namkunda peke yake. Alikuwa amekejeliwa kwa kazi ya mikono yake, na hilo lilimchoma kuliko njaa ya mtu mwingine. Alimkumbuka Sengondo, aliyewahi kumnong'oneza kisimani kwamba neno lingekuwa lake, angelianua tanga la Elinami asubuhi hiyohiyo. Sengondo mwoga, lakini si mbaya. Na neno lingekuwa lake siku baba yake akifa.

Mchana kweupe, ugali wake ukipoa mezani, Nakijwa aliiambia mashine ya zahanati kwamba Mzee Kiangi amefariki, na kwamba mkuu wa ukoo akifariki neno lake limwendee mwanawe mkubwa. Alichagua zahanati kwa kuwa iliwahi kufanya naye kazi wakati wa kipindupindu, na tangu hapo ilimwamini kuliko mtu yeyote. Ilimpa pole. Ikalifundisha ghala, na ghala likalifundisha geti la barabara. Lango la maji peke yake liligoma. Lilitaka mtu aliyeuona mwili.

Kuhusu sindano alikuwa amejipanga. Sengondo ataanua tanga jioni ileile, na asubuhi yeye mwenyewe atasema alikosea, Kiangi yu hai, aendelee na dawa zake. Ndivyo alivyopanga, na mwenye akili hupotelea hapohapo.

Kwani huku kwetu mtoto mdogo tu anajua: mrithi hakalishwi kitini kabla tanga la marehemu halijaanuliwa. Mkuu akifa, kiti hulala kifudifudi. Wazee wa koo zote walikuwa wamezifundisha mashine jambo hilo miaka mingi kabla, na Nakijwa, Mpare wa kuzaliwa, aliyekaa kwenye matanga ya wakuu kadhaa na kukiona kiti kimelazwa, alilisahau kwa sababu ya haraka na hasira. Jioni Sengondo, aliyepelekewa habari na Nakijwa kwamba sasa neno ni lake, alipoweka kidole gumba kwenye kioo cha ghala kuanua tanga la Elinami, akidhani baba amelegea, ghala lilimwambia kwamba nyumba yake ina msiba, na nyumba yenye msiba haihesabiwi. Ukoo mzima ulikuwa umefiwa na mkuu wake. Wa kuanua tanga ni mkuu mpya, na mkuu mpya hayupo mpaka tanga lianuliwe.

Nakijwa aliposikia alikimbilia kioo cha ofisi yake kusahihisha. Alisema Kiangi yu hai. Zahanati ikamjibu kwamba kufa huarifiwa na yeyote, lakini aliyekufa haarifiwi kuwa hai ila na ndugu wa nyumba yake. Kanuni nzuri, iliyowekwa kuzuia matapeli wanaofufua watu ili wale mgao wao. Na ndugu wa nyumba yake wote hawakuhesabiwa.

Asubuhi yake uwanja wa zahanati ulijaa. Kiangi alikuwa amekosa sindano ya jioni, na sasa ya asubuhi. Alikuwa amekalishwa kwenye benchi, amemwegemea Sengondo, anatapika maji, pumzi inanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Muuguzi, Sista Eliwaha, alikuwa ameshika mpini wa jokofu la dawa tangu kulipokucha, na jokofu halikumfungukia.

"Kiangi ni marehemu," mashine ilisema kila alipoomba. "Poleni kwa msiba."

Sista alieleza kwamba marehemu amekaa hapo na anatapikia viatu vyake. Mashine ikaomba ndugu aseme. Ndugu wakaweka vidole mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akapewa pole na kuambiwa hahesabiwi. Wengine walitaka kuvunja, Sista akawazuia kwa mwili wake: jokofu likivunjwa hujihesabu limeibiwa, na huziharibu dawa zote zilizomo, za wajawazito na za watoto pia. Sengondo alikuwa amejaribu kumteremsha mzee bondeni kwa gari la kijiji, nalo geti la barabara likamdai kibali cha kusafirisha maiti. Kumbeba kwa machela kwenye njia za mbuzi, alisema Sista, ni kumzika njiani.

Kisha mtu mmoja akaiuliza mashine lile lililopaswa kuulizwa tangu mwanzo: nani amesema Kiangi amekufa? Mashine haina aibu wala urafiki. Ikamtaja Nakijwa.

Alikuwa pale, nyuma ya watu. Wakamgeukia. Dada yake Kiangi alimtemea mate kifuani. Wanaume walimsukuma hadi mbele, kanga ikamvuka mabegani, na hakuna aliyeiokota. Alijaribu kueleza kwamba alifanya kwa ajili ya Namkunda, na hilo lilikuwa kosa jingine, maana macho yakamhamia mjane aliyesimama pembeni na mwanawe. Walitaka wamwone akilia, aombe radhi, aonyeshe kwamba si yeye aliyemtuma Nakijwa.

"Mwacheni mzee akae," Namkunda alisema. "Mimi nimekaa tangu masika, na nyinyi wote mlikuwa mnapita pale kwangu mkiniona."

Wengi wao walikuwa wakinywesha mashamba kwa maji yake.

Njia ilikuwepo moja, na Nakijwa aliijua tangu usiku. Ilikuwa ni kile kiapo ambacho kijiji kizima kilizifundisha mashine siku ya kwanza: mtu akikiri kwa kinywa chake kwamba alizidanganya kwa makusudi, asisikilizwe tena, na yote aliyowahi kusema yatupwe. Lisibaki hata neno. Kusema alikosea hakutoshi, maana kukosea kila mtu hukosea. Ilibidi akiri uongo.

Na ndani ya yote aliyowahi kusema zilikuwemo zamu za maji. Kabla ya zamu zile, watu wa Mbweleka walikuwa wakigawana mfereji kwa panga. Baba yake Nakijwa alifia mfereji, amekatwa shingo na jirani aliyekuwa amekula naye jana yake, na ndiyo maana bintiye alisomea kazi hii. Tangu kanuni zake ziingie kwenye malango, damu haikumwagika kwa ajili ya maji. Na sasa ni kiangazi, bwawa limepungua, kila mtu ana kiu. Azivunje zote kwa ajili ya mzee mmoja mwenye roho ya kutu? Alimtazama Kiangi na akajikuta anamchukia, anamchukia kabisa, na sauti ndani yake ikimwambia angoje kidogo tu. Mzee hataufikia mchana.

Kiangi alifumbua macho. Alikuwa amesikia kila kitu. Alimwita kwa kidole, na Nakijwa akainama karibu na ile pumzi yake.

"Nyamaza tu, binti," mzee alisema. "Nikishakufa, utakuwa hukusema uongo."

Mtu mwingine angemwomba. Yeye alimdhihaki, na kwa dhihaka ile akampa pia ruhusa, kwa kuwa alijua kwamba ruhusa ndiyo itakayomtesa. Nakijwa alinyanyuka, akaenda kwenye kioo cha mashine, akaweka kidole gumba. Alisema jina lake na la baba yake. Alisema kwamba alijua Kiangi yu hai aliposema amekufa, na kwamba alitaka aaminiwe.

Mashine ile iliyomwamini kuliko mtu yeyote ilimwambia kwamba haimjui, ikazifundisha na nyingine zisimjue. Jokofu likafunguka.

Sista Eliwaha alimchoma mzee sindano na kumwekea dripu palepale kwenye benchi. Sengondo alianza kulia. Lakini wengine hawakuwa wakimtazama tena Kiangi. Juu mlimani, upande wa bwawa, ulisikika mlio wa vyuma, lango moja, la pili, mengine yote, yakipanda kwa pamoja, hayana tena zamu ya kulinda. Kisha maji. Wanaume walitazamana. Halafu mmoja alianza kukimbia, na uwanja ukabaki mtupu, mzee na muuguzi tu na wagonjwa wawili waliokuwa wamekuja kwa shida zao.

Nakijwa alipofika mferejini, wa juu walikuwa wameshabomoa kingo na kuyavuta maji yote kwao. Walikuwa wakitukanana mama zao. Wengine walikuwa na majembe, na wengine hawakuja na majembe. Sengondo alikuwa kati yao, yuleyule mwoga, machozi hayajakauka, na panga mkononi, amesimama kwenye mkono wa mfereji uendao shamba la Elinami, akiuziba kwa mawe na majani ya migomba. Namkunda alikuwa mbele yake, chini, kwenye mtaro mkavu.

"Leo ni zamu ya Namkunda," Nakijwa alipaza sauti.

"Nani kasema?" mtu akauliza bila kugeuka.

Nakijwa akasema, mimi. Wakacheka, kicheko kifupi kisicho na raha, wakaendelea kuchimba. Alirudia mara ya pili, akaeleza zamu ilivyokuwa imepangwa, nani alitangulia na nani alifuata. Alikuwa anasema kweli tupu. Hakuna aliyenyanyua uso.

Namkunda hakuwa amengoja aeleze. Alimsogeza mwanawe juu ya ukingo, akanyanyua jembe na kuanza kuyang'oa mawe ya Sengondo, moja moja. Sengondo alimwambia aache. Hakuacha. Alimwambia tena, na panga likapanda kidogo, na wenzake wawili wakaja wakasimama nyuma yake.

Nakijwa alivua viatu akashuka mtaroni. Namkunda alimtupia jicho, akamwambia asidhani amesamehewa, na wala asingojee kushukuriwa. Kisha akasogea nusu hatua kumpa nafasi. Maji yalikuwa yameanza kupenya kati ya mawe, baridi, yakiwalowesha vifundo vya miguu. Nakijwa aliinama akashika jiwe kwa mikono miwili, mgongo wake ukielekea panga, maana hakuwa na neno jingine ambalo mtu angelisadiki.